Majibu Elfu Nne

Pikapu nyeusi ilikuwa bado nyuma yake.

Lorna Dombrowski aliitazama kwenye kioo cha gari lake. Miaka kumi na tisa ya ujasusi, na bado aliogopa. Juzi mwenzake Odell alikuwa na kazi hii hii. Jana alikutwa amekufa ndani ya gari lake.

Simu ikalia. Ni Haskell, mkuu wake.

"Uko wapi?"

"Maili kumi kabla ya Detroit. Wananifuata."

"Diski?"

"Kwenye kiatu."

"Kikao cha wajumbe ni saa nne. Usipofika, sheria ya mafuta imekufa."

Diski ilibeba majibu halisi ya wanunuzi elfu nne wa magari, waliohojiwa kuhusu mafuta. Wakili Roach, mtu wa watengenezaji wa magari makubwa, alikuwa na nakala ya kughushi. Nakala hiyo, aliyokwisha kuwapa wajumbe, ilidai kila mnunuzi hupiga hesabu ya mafuta kwa usahihi kabla ya kununua. Basi sheria ya kuwalazimisha watengenezaji waunde magari yanayokula mafuta kidogo ni ya nini?

Lorna alikanyaga mafuta. Injini ya silinda nane ikanguruma. Ikakohoa.

Ikazima.

Tangi tupu.

"Mungu wangu! Tunapigania mafuta, halafu wananipa dubwana hili!"

Pikapu ikasimama nyuma yake, wanaume wawili wakashuka. Mdomo wa bastola ukamgusa kipaji cha uso.

"Tumekusikia kwenye simu. Vua viatu, bibie."

Diski ikasagwa chini ya buti. Lorna alifumba macho, akingoja risasi.

Honi! Lori la kuzoa theluji lilikuwa linakuja moja kwa moja. Wale wawili wakarukia pikapu, wakatokomea.

Dereva alichungulia dirishani. "Dada, miguu mitupu kwenye theluji? Umelewa asubuhi yote hii?"

"Nipeleke mjini. Tafadhali."

Meno yalimgongana. Diski ndiyo hiyo imekwenda. Lakini nakala ya Roach alikuwa ameisoma mara mbili, na swali la kwanza waliloulizwa wanunuzi alilikumbuka.

"Kaka, mimi nina lori la maili kumi kwa galoni, nachukua la ishirini. Jirani ana gari la ishirini, anachukua la arobaini. Nani kaokoa mafuta zaidi?"

"Jirani! Hilo nalo la kuuliza?"

"Umekosa. Kwa maili mia, galoni zangu kumi zinakuwa tano: naokoa tano. Zake tano zinakuwa mbili na nusu: anaokoa mbili na nusu tu."

Dereva alihesabu kwa vidole. Akatukana.

Lorna akakaa wima. Kwenye nakala ya Roach, hakuna mnunuzi aliyekosa swali hilo.

Saa nne na dakika tatu. Roach alikuwa anahutubia ukumbini. Mtu wa pikapu alisimama mlangoni, mkono ndani ya koti. Lorna alimpita, mgongo ukimsisimka, akaenda kwenye kipaza sauti. Kila raia ana dakika mbili zake za kusema kikaoni.

Aliuliza swali lile lile.

"Wanaosema jirani?"

Mikono ikapanda. Wajumbe. Waandishi. Roach mwenyewe.

"Wote mmekosa. Ila wanunuzi elfu nne wa Bwana Roach wamepata, wote! Nani aliwajazia majibu?"

Mwenyekiti aligonga meza.

"Bwana Roach," mwenyekiti alisema, "usitoke humu. Polisi, mlango!"

Mkono wa yule mtu ukatoka kwenye koti, mtupu, ukapanda juu.

Lorna alitoka pekupeku, bila kugeuka. Akatia mikono mifukoni. Simu ikalia.

"Nikutumie gari?" Haskell aliuliza.

"Tuma," alisema. "Lakini dogo."