Boneti la Bedford

Boneti na madigadi yote mawili vilikuwa vimetoweka. Lile lori kuukuu la Bedford lilisimama uani mwa gereji ya Makanyagio, injini wazi, na watu wamelizunguka wakinong'ona. Asubuhi hiyo ya mwaka sabini na nne lilitakiwa kwenda Mpimbwe, kuhamishia kaya za mwisho kwenye kijiji kipya cha ujamaa.

Dereva wake, Maduhu, alikuwa ameketi chini, tayari kafungwa pingu.

"Ulilala humu uani?" Inspekta Telesphor alimuuliza.

"Ndiyo, afande. Kule nyuma."

"Ukasikia nini?"

"Sikusikia kitu. Nilikuwa nimekunywa kidogo."

"Ameviuza huyo!" mtu akapaza sauti.

Telesphor aliinama penye fremu, akakagua mahali vyuma vilipofungwa. Kila nati ilikuwa imerudishwa kwenye bolti yake. Mwizi wa vyuma huwa na haraka. Nati huzitupa popote. Huyu hakutaka hata moja ipotee. Aliyevifungua alikusudia kuvirudisha.

Akamwita fundi bodi, Kalisti. Ndiye aliyeunda boneti na madigadi hayo; alikata bati jipya, akalikunja, akalipiga msasa na kulipuliza rangi.

"Nani anashika funguo za geti?"

"Mimi, afande."

"Na spana?"

"Zangu."

"Maduhu unamfahamu?"

"Tumekula pamoja mara nyingi."

"Leo anakwenda mahabusu. Ana watoto?"

Kalisti aliangalia pembeni. "Wanne."

"Basi nitamwandikia mashtaka."

"Mwacheni!" Kalisti alisema kwa sauti iliyokatika. "Hajui lolote. Nimechukua mimi. Vipo shambani kwangu Misunkumilo, nimevifunika na mabua."

"Ulitaka kuviuza?"

"Niuze kazi yangu mwenyewe? Hapana. Nilitaka lori lichelewe." Akafuta uso kwa mkono wenye rangi. "Mama yangu, Pelagia, yumo kwenye kaya hizo. Miguu imemvimba, kukaa tu ni shida. Alishasema afie pale, azikwe karibu na baba. Nikaona, lori likikosa bodi, labda atapata nafasi ya kufia nyumbani kwake."

"Kwa nini hukuwaambia wakubwa?"

"Niliwaambia. Wakasema kila mtu ana mama."

Mama wa Telesphor alikuwa amezikwa Ufipa, naye hakuwahi mazishi. Lakini wizi ulikuwa wizi, na mtu asiye na hatia alikuwa chini amefungwa. Akamfungua Maduhu kwa mkono wake mwenyewe.

Vyuma vililetwa kabla ya adhuhuri. Kalisti aliomba avifunge yeye, asije mtu akaviharibu, na Telesphor akakubali. Boneti lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Watu walisimama wakitazama. Maduhu ndiye aliyesogea, akashika upande wa pili, wakalinyanyua, wakalilinganisha na madigadi mpaka likakaa sawasawa.

"Ungeniacha nifungwe?" Maduhu aliuliza polepole.

"Nilikuwa nataka kusema. Mdomo ulikataa."

Maduhu alishika boneti huku mwenzake akikaza nati. Halafu akasema:

"Mama yako nitamlaza mbele, kwenye kebini. Nitamtandikia godoro. Nitaendesha taratibu, hata tukifika usiku."

Kalisti aliweka spana chini. Alilia hapo hapo, mbele za watu, kisha akamgeukia inspekta na kunyoosha mikono afungwe pingu.