Tundu Katika Taya la Mzee Evelio

Saa mbili asubuhi, Jumanne, katika makaburi makubwa ya Havana, kidole cha Mirelys Pantoja kilizama ndani ya taya la marehemu baba yake.

Miaka miwili ilikuwa imetimia tangu mazishi. Kaburi lilifunguliwa, kama ilivyo desturi ya huko, ili mifupa isafishwe na kuhamishiwa kwenye sanduku dogo. Mirelys alikuwa akiifuta kwa spiriti. Katika taya la chini, upande wa kushoto, alikuta tundu la ukubwa wa haragwe.

Pale ndipo Daktari Landeta alipomtia mzee Evelio chembe za matumbawe yaliyookwa, dawa ya majaribio ya kuotesha mfupa. Baada ya miezi sita daktari alitangaza kwamba mfupa umejaa. Na keshokutwa, Alhamisi, Rolando, kaka yake Mirelys, angetiwa chembe hizohizo na daktari huyohuyo.

"Cheo! Umemvunja baba yangu!" Mirelys alimfokea Cheo, mchimba kaburi.

"Mimi, dada? Nimefukua nusu ya Havana, hajalalamika hata mmoja. Unanianza wewe uliye hai!"

Luteni Argelio Batule wa polisi, aliyeitwa na Mirelys, alifika saa tatu. Alivaa miwani, akaligeuzageuza taya.

"Mfupa uliovunjwa huwa na kingo kali," alisema. "Hizi ni laini kama mdomo wa kikombe. Mzee aliishi na tundu hili. Halafu, jino la dhahabu hili hapa, upande wa kulia. Mwizi gani abebe mfupa aache dhahabu?"

"Mungu akuweke, Luteni. Nilijua leo nalala ndani," alisema Cheo.

"Usishukuru mapema. Maji huingia humu?"

"Maji yatoke wapi? Ni boksi la saruji, kavu kama biskuti."

Batule akamgeukia Mirelys. "Mzee alikuwa akitafunaje?"

"Kulia tu. Alisema kushoto panapita upepo. Daktari akamwambia ni wasiwasi wa uzee."

Saa sita mchana walikuwa kliniki. Mirelys alipakata taya ndani ya kitambaa cheupe. Landeta aliwapa kahawa, akasikiliza, akatabasamu.

"Binti yangu, chembe zimechukuliwa na maji kaburini."

"Kaburi ni kavu," alisema Batule.

"Basi kamuulizeni fundi wa tanuri. Pengine hakuyaoka matumbawe sawasawa."

"Chagua moja, daktari. Dawa ilishindwa, au mfupa ulijaa?"

"Ulijaa! Ushahidi ninao." Akabandika picha ya eksirei kwenye taa. "Upande wa kushoto, miezi sita baada ya upasuaji. Tazama mfupa ulivyo mzima."

Kweli mfupa ulikuwa mzima. Lakini katikati ya meno, moja lilikuwa jeupe kuliko yote.

"Na hili?"

"Dhahabu. Madini hutoka hivyo kwenye picha."

Batule alimwomba Mirelys kitambaa, akakifungua, akaliweka taya chini ya picha.

"Nionyeshe dhahabu iko upande gani."

Daktari aliangalia. "Kulia," alisema.

"Ulipiga picha upande wa kulia, ambao haukuwa na ugonjwa," alisema Batule. "Ukaigeuza, ukaandika kushoto."

Landeta alikaa chini. "Wiki ya tatu palioza. Nikazitoa chembe zote. Yeye nilimwambia nasafisha tu. Wagonjwa walikuwa saba, Luteni. Sita walipona kabisa! Nusu ya maisha yangu nimehangaikia matumbawe haya. Wataalamu wa nje walishanialika nikawasomee matokeo. Mmoja tu angeniharibia."

"Ungeandika hivyohivyo, sita wamepona na mmoja ameoza. Rolando angesoma, akaamua mwenyewe."

"Kwa baba palioza kwa nini?" Mirelys aliuliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuchunguza. Kuchunguza kungekuwa kukiri."

Batule aliibandua picha, akamwambia daktari achukue koti lake waende kituoni. Mirelys alimpigia kaka yake simu akiwa amesimama palepale, mkono mmoja juu ya taya.

"Rolando, Alhamisi huendi."

"Umeanza tena! Daktari si alisema baba alipona?"

"Daktari alisema, ndiyo," alijibu Mirelys. "Lakini leo nimemuuliza baba mwenyewe."