Pembe Iliyofumuliwa

Jumamosi ile ukumbi wa maonyesho ulifurika hadi milangoni. Watu wazima, wenye akili zao timamu, walikuwa wakipigana vikumbo kwenda kutazama mifarishi. Ndiyo, mifarishi: yale mashuka mazito ya viraka yenye pamba katikati, ambayo mabibi waliyashona kwa mkono na wajukuu sasa wanayatundika ukutani. Mji wa Louisville ndivyo ulivyo. Ukimkanyaga mtu kidole atakusamehe, lakini usithubutu kumwambia kwamba mfarishi wa bibi yake ni blanketi.

Darla Tackett alisimama katikati ya msongamano huo, gauni la njano lenye vifungo mbele, viatu vyekundu, na mikononi glavu nyeupe pepe ambazo hakuzipenda hata kidogo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuza miwani. Leo alikuwa pale kwa amri ya shangazi yake, Opal, kiranja wa akina mama wa glavu, aliyekohoa kila mtu alipojaribu kuzivua. Mtazamaji akitaka kuona mgongo wa mfarishi, anamwita mwenye glavu, naye anaiinua pembe taratibu na kuifunua.

"Samahani, bibie. Naomba unifunulie huu wa nyota."

Akafunua. Mwanaume alikuwa mrefu, shati la buluu lililokunjwa mikono, na kwenye kidole cha kati subana ya fedha, kile kikofia cha kukingia ncha ya sindano.

"Asante. Na ule wa vikapu." Akafunua. "Na huu hapa." Akafunua. Walipomaliza safu na yule bwana akaanza kuelekea safu ya pili, Darla akaweka mkono kiunoni.

"Kaka, unakagua au unanichosha mikono?"

"Nakagua."

"Mbona huangalii mfarishi?"

"Naangalia unavyoushika. Umeushika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani."

Darla akacheka mpaka akina mama wa glavu wakageuka. Jina la yule bwana lilikuwa Wendell Combs, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mifarishi mikuukuu iliyochanika.

"Mwanaume anashona?"

"Na kupika pia, ila hilo nilitaka ulijue baadaye."

Mchana walikula pai ya njugu za pekani na chai baridi kwenye meza ya jikoni mwa ukumbi, wakiwa wamebanana na wazee waliokuwa wakibishana juu ya rangi ya kahawia. Wendell alimweleza jinsi ya kusoma mshono: hapa mshonaji alikuwa na furaha, hapa alikuwa na haraka, hapa taa ilikuwa hafifu. Darla alisikiliza huku kijiko kikisahaulika mkononi. Feni za dari zilikuwa zikizunguka polepole, na mifarishi yote ukumbini ikawa inapanda na kushuka kidogo, kana kwamba kuna watu wamelala chini yake.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia katikati ya kiangazi simu ya Darla ilikuwa ikilia kabla hajafungua duka.

"Umekula nini, asali wangu?"

"Mkate na mayai. Na wewe?"

"Mimi nimekula uzi. Nimeukata kwa meno asubuhi nzima."

"Utakuja kunya mfarishi wewe!"

Wikiendi wakawa watu wa maonyesho. Walivuka mto Ohio wakaenda New Albany, wakaenda Elizabethtown, wakaenda Berea, popote ambapo kanisa au shule imetundika viraka vya mabibi zake. Walitembea kwenye njia nyembamba baina ya kuta hizo za vitambaa, waridi huku, kijani cha majani makavu kule, jua la dirishani likipenya pamba na kuwaangukia nyusoni kwa rangi. Waliongea kwa kunong'ona. Darla alikuwa anasahau saa, anasahau miwani, anasahau hata viatu vinavyombana. Wakati mwingine alijiuliza kama yuko macho, na hakujali jibu.

Ndipo alipompa Wendell mfarishi wa mama yake. Ulikuwa wa mtindo wa nyumba ya magogo, vipande virefu vikizunguka kiraka chekundu, na pindo lake lilikuwa limeliwa na miaka. Shangazi Opal aliutaka kwa ajili ya kitanda cha vuli. Hiyo ni desturi yao: mifarishi ya ukoo inalundikwa kitandani mbele ya watu, inafunuliwa mmoja baada ya mwingine, na mwenye nao anasimama kusimulia habari zake.

"Nitengenezee pindo tu, mpenzi," Darla alisema.

"Pindo tu," Wendell akaitikia.

Siku ya kuuchukua, Darla alipanda ngazi za karakana ya Wendell mbio mbio. Mfarishi ulikuwa umetandazwa mezani, pindo jipya limekaa sawasawa. Wendell alikuwa anatabasamu kama aliyeficha kitu.

"Kuna na zawadi humo. Itafute."

Mkono wa Darla ulikwenda wenyewe kwenye pembe ya chini, ulikokwenda kila alipokuwa akitafuta usingizi tangu alipobaki peke yake. Vidole vikapapasa. Vikapapasa tena.

"Ile mishono ya hapa iko wapi?"

"Ipi?"

"Mikubwa. Iliyokwenda upande."

"Ndiyo zawadi yenyewe! Nimeifumua nikashona upya. Kuna mgeni alikaribishwa akaharibu. Tazama sasa, huwezi kujua palikuwa na kitu."

Usimwone mjinga. Washonaji wa kule wana adabu yao ya kimyakimya: asiyejua akikaa nao akashona ovyo, hawamwambii neno. Wanamsifu, wanampa keki, na akishaondoka wanafumua alichoshona na kukirudia. Wendell alilelewa kwenye adabu hiyo, akadhani anamtendea wema mpenzi wake.

"Hakuwa mgeni," Darla alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Alikuwa mama."

Wendell akavua subana kidoleni.

"Alikuwa ameshaugua. Mkono unatetemeka, sindano anaishika kwa mikono miwili, namwambia pumzika, ananiambia niache nimalize pembe yangu. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wake. Uzi uko wapi?"

"Nimeutupa, Darla. Sikujua, naapa."

"Ungeuliza! Kila asubuhi unanipigia kuniuliza nimekula nini. Hili ukashindwa kuuliza?" Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Umemfumua mama yangu, Wendell."

Akashuka ngazi bila kuuchukua ule mfarishi. Hakuweza hata kuugusa.

Simu ililia siku hiyo, ikalia kesho yake, ikalia wiki nzima. Darla aliifungia kwenye droo ya fremu za miwani, ikawa inatetemeka humo huku anawapima wateja macho. Wendell aliacha ujumbe wa sauti: "Sina la kujitetea. Nataka tu ujue kwamba nimekosa." Darla aliusikiliza chooni, akanawa uso, akarudi kuuza miwani.

"Unamkomoa nani?" shangazi Opal alimuuliza siku moja, wakikunja glavu.

"Simkomoi mtu, shangazi. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nani kakuambia uyazoe? Nauliza unampenda au humpendi."

"Nampenda!" Darla akalipuka. "Ndiyo maana siwezi kumtazama. Nikimwona, naona mahali ambapo mama hayupo. Nitaishije na mtu wa hivyo?"

Opal akaendelea kukunja glavu.

Vuli ikafika, majani yakageuka rangi ya shaba, na kitanda kikawekwa katikati ya ukumbi, viti vimekizunguka. Darla alivaa gauni la zambarau, mkufu wa mama yake na zile glavu nyeupe. Mifarishi ikafunuliwa, watu wakaguna kwa raha, wakasimulia, wakafuta macho. Halafu ukafika ule wa nyumba ya magogo, ambao shangazi aliupokea na Darla hajauona tangu siku ile ya karakana. Darla akashika kipaza sauti. Shangazi Opal akaiinua pembe ya chini, na ukumbi mzima ukashtuka.

Pembe ilikuwa wazi. Si mishono mikubwa ya mama, si ile midogo mizuri ya Wendell. Vitambaa viwili vilikuwa vimeachana, pamba inachungulia.

"Shangazi, nini hiki?"

"Nililetewa hivi hivi. Nikaombwa niuweke kitandani kama ulivyo."

"Ni mimi," sauti ikasema kutoka nyuma. Wendell alikuwa amesimama, kofia mkononi, shati jeupe lililopigwa pasi. Nusu ya wateja wake walikuwa wamekaa pale, nao wakageuka wote. "Mara ya kwanza nilifumua mishono ya mama yake bila kuuliza. Safari hii nimefumua ya kwangu."

"Ukaiacha wazi?" Darla akauliza. Alisahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni.

"Ningeweza kuiga. Ningeshona mikubwa, ya kwenda upande, wala usingejua. Lakini ingekuwa uongo. Mkono wa mama yako siwezi kukurudishia, Darla. Nimeutoa wangu tu, usikae mahali pake."

Darla akainama. Akavua glavu, na safari hii shangazi Opal hakukohoa. Kwenye kitambaa kikuukuu matundu ya sindano yalikuwa bado yapo, madogo, yanapanda, yanashuka, yanapotea njia na kurudi. Mama yake alipita hapa. Alichelewa, akachoka, akapita.

"Shangazi, nipe sindano."

"Hujui kushona, mwanangu."

"Najua kwamba sijui."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwenye kitanda kile, akaingiza sindano kwenye tundu la kwanza. Mshono ukatoka mkubwa na wa ovyo. Wa pili ukawa mbaya zaidi. Akalia, akacheka, akaendelea, na uzi ukasikika ukipita kitambaani. Wendell alikuwa amesogea hadi kitandani. Alikuwa anatazama mishono ile na kukunja uso.

"Inakuuma?" Darla akauliza.

"Sana."

"Nishikie kitambaa basi."

Akapiga magoti, akashika. Vidole vyao vikagusana, na hakuna aliyeondoa chake.

"Nikimaliza usiifumue."

"Siifumui."

"Hata nikiwa nimelala?"

Wendell akainua uso. "Darla, nikiwa kwangu nitajuaje umelala?"

"Jamani huyu!" shangazi Opal akamaka. "Mtu na akili zake!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wendell akawa mwekundu mpaka shingoni. Akamtazama Darla, akatazama sindano, akamtazama tena, na hapo ndipo alipoelewa. Machozi yakamlengalenga.

"Unasema kweli? Baada ya yote haya?"

"Basi nioe," Darla akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye pembe ya mama yake, "lakini sogea kidogo, unanikingia mwanga."