Msimu wa Nne Kwa Gesche

Wiebke aliingia kwa Gesche amelowa chapachapa, koti lake la manjano likichuruza maji sakafuni, akakuta baa imefurika na kiti kimebaki kimoja tu. Mikono miwili ilikidaka kwa pamoja: wake, na wa mwanamume mmoja mrefu mwenye unga kwenye nyusi.

"Nimekiona kwanza," alisema mwanamume.

"Kuona si kukalia, kaka."

Walikikalia wote wawili, nusu kwa nusu, maana Jumapili jioni pale mtaani Altona hakuna anayekubali kusimama wakati wa tamthilia ya televisheni, *Mtu wa Lübeck*. Msimu wa nne ulikuwa unaanza. Falk, jasusi aliyewatoa jasho maadui zake misimu mitatu mizima, sasa alikuwa amestaafu kisiwani anafuga nyuki.

"Jasusi gani huyu wa kurina asali?" Wiebke alifoka sehemu ile ilipokwisha. "Wamemuua bila risasi!"

"Amechoka. Kwani wewe huchoki?"

"Nikichoka nahama."

"Mimi nikichoka nalala. Naitwa Hinnerk, mwokaji mikate."

"Kazi yako nimeisoma usoni. Mimi Wiebke, fundi wa injini za meli. Na huo msimu wako wa nne ni takataka."

Walibishana hadi Gesche, mama mwenye baa, akawazimia taa. Wakaenda kubishana barabarani. Mapenzi mengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa nyuki, na yalikua haraka kuliko akili za wenyewe. Asubuhi Hinnerk alimpelekea mikate ya mdalasini ingali moto. Jioni Wiebke alimpigia simu kutoka gatini, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Mpenzi, unanisikia?"

"Nasikia injini tu. Ndiyo unayoipenda, si mimi!"

"Wivu na injini? Haya, nawapenda nyote wawili."

Kisha kampuni moja ya meli ya Bergen, Norwe, ikamwita kazini. Hinnerk alimuuliza kama atakwenda. "Nitakuambia," alijibu Wiebke, akageukia dirishani. Alipenda kuhama tangu utotoni, na sasa kwa mara ya kwanza kuhama kulimtia hofu, lakini hilo hakulisema. Hinnerk naye alikuwa mtu asiyeweza kungoja. Akikanda unga anawaza Bergen. Akilala anaota Bergen.

Sasa, kwa Gesche kuna kanuni. Kituo cha televisheni huweka msimu wote mtandaoni siku ya kwanza, ila wateja wa Gesche wameapa kungoja kila Jumapili, pamoja. Atakayetangulia hutolewa nje, atazame kupitia dirisha mpaka msimu uishe. Utacheka, lakini pale ni sheria nzito kuliko za serikali.

Jumapili ya nne Falk alipotea baharini. Baa nzima ikawaka.

"Amekufa, na heri amekufa," alisema Wiebke.

"Hajafa!" Hinnerk alipandwa na jazba. "Angekuwa amekufa, nani angemtoa Renate gerezani Rostock?"

Vichwa vyote vilimgeukia. Renate, mpenzi wa Falk, alikuwa hajakamatwa. Mara ya mwisho kila mtu alimwona akiwa huru, nyumbani kwake, anapika supu.

Gesche alinyoosha kidole mlangoni. Lakini uso uliomchoma Hinnerk ulikuwa wa Wiebke.

"Umetazama yote," alisema. "Unakaa nami kiti kimoja, unashtuka ninaposhtuka, kumbe unaigiza. Una mangapi mengine unayoniigizia?"

Wiebke hakupokea simu za Hinnerk siku kadhaa. Alipopokea, sauti ilikuwa kavu.

"Unataka nini?"

"Kukusikia."

"Umenisikia. Kwaheri."

"Ngoja, Wiebke! Nilikuuliza habari ya Bergen hukunijibu. Nikashindwa kulala. Nikasema, kama siwezi kujua wewe utabaki au utakwenda, basi angalau nijue kama Falk atarudi kwa Renate."

"Kwa hiyo jibu langu ulilitafuta kwa mfuga nyuki?"

"Ndiyo. Mjinga mimi."

Wiebke alikata simu, akakaa kitandani analia na kucheka.

Jumapili ya mwisho manyunyu yalikuwa yanaanguka. Hinnerk alisimama dirishani kwa nje, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni. Wiebke alimpita bila salamu, gauni jekundu likichungulia chini ya koti. Alikaa kwenye kiti kizima peke yake, na hakustarehe. Falk alipoanza kupanda ngazi za gereza, bastola mkononi, Wiebke aliinuka. Watu walimzomea. Akatoka.

"Rudi ndani," alisema Hinnerk. "Ndiyo inakolea sasa."

"Nimekubali kazi. Naondoka mwezi wa kwanza."

Moyo ulimuuma Hinnerk waziwazi, akashindwa hata kuuficha. "Hongera," alisema.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nilie? Nalia. Mvua ndiyo inanisitiri."

"Hinnerk, we zuzu! Kwani Bergen hawali mkate?"

Alimkodolea macho. "Unaniambia nije?"

"Nakuambia unioe, halafu uje. Au uje kwanza. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa naogopa kukuomba, ungesema hapana nikaenda peke yangu."

"Na tukishindwana huko? Sijui lugha yao, sijui mtu."

"Hata mimi sijui itakuwaje. Siwezi kukuahidi kitu, ila nakupenda."

Ndani, baa nzima ilipiga ukelele. Hinnerk hakugeuka.

"Nakuja," alisema.

Wiebke aliushika mkono wake, ulikuwa baridi kama samaki, akautia mfukoni mwa koti lake.