Aliyeleta Uji Wodini

— Usiuimbe huo wimbo, Alex. Baba yupo.

— Ndiyo maana nauimba.

Selina alimvuta nyuma ya turubai, akachungulia kama kuna anayewaona. Nyimbo za Alexander zinapigwa redio zote za Mwanza, lakini siku hiyo alikuja Bujora kuimbia upande wa babu yake kwenye mashindano ya ngoma.

— Baba anajua ulikuwa Kahama kwenye shoo.

— Nilikuwa wodini, Seli. Naumwa sonona. Si tusi.

— Kesho mnaleta posa. Subiri basi ipite.

— Jonathan, mwimbaji wa upande wa pili, ameshajua. Nikinyamaza ataniimba yeye, na yeye ataniimba kichaa.

Hapo Bujora ndivyo ilivyo. Kila upande una mwimbaji wake, na kazi yake ni kumchimba mwenzake, aibu zake zote azimwage mbele za watu. Mjanja hujiimba mwenyewe kwanza, mpinzani akose cha kusema.

Selina akarudi kukaa karibu na baba yake, mzee Chenge. Alex akapanda jukwaani. Hakupiga kelele. Aliimba taratibu, kama anaongea na mtu mmoja:

“Nililala nimegeukia ukuta, jua likanikuta, likaniacha. Dawa nameza, sijifichi. Kuna mtu aliniletea uji kila asubuhi. Simtaji, ana wazazi.”

Mzee Chenge akageuka.

— Huyu si ndiye uliyesema alikuwa Kahama?

Selina akakaza macho kwenye viatu vya baba yake.

— Mayu, mwanangu, nakuuliza. Huyo wa uji ni nani?

— Sijui, baba.

Jibu lilitoka jepesi, hata mwenyewe akaogopa.

Jonathan naye akapanda, anacheka.

— Haya, mleta uji anyooshe mkono tumwone.

Akangoja. Akaweka kiganja juu ya macho, akatafuta huku na huku.

— Hayupo. Jamani, dawa bado hazijamkolea. Ndugu yenu anaona watu ambao hawapo.

Watu walicheka mpaka wapiga ngoma wakashindwa kuendelea. Mama mmoja jirani na Selina akafuta machozi ya kicheko.

— Masikini, kumbe kamwota tu.

Alex alisimama pale pembeni ya jukwaa, kichwa chini, na kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyoonekana kichaa kweli.

Selina akainuka. Alipita katikati ya watu mpaka kwa Jonathan, akaomba kipaza sauti.

— Hajaota. Uji ulikuwa wa ulezi, nilipika mimi.

Akageukia upande aliokaa baba yake.

— Nikaja nikawadanganya watu, na baba yangu. Yeye hajamdanganya mtu.

Jonathan akajikuna shingo.

— Sasa shemeji, mbona umenimalizia wimbo?

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Jonathan. Selina hakumtazama mtu. Alimkuta Alex nyuma ya turubai.

— Umengoja nichekwe kwanza.

— Niliona aibu.

— Aibu yangu?

— Mwanzoni yako. Sasa hivi yangu.

Alex akasogea kidogo, akamwachia nafasi ya kukaa. Simu ya Selina ikaita, ni baba yake kutoka kule alikokaa. Alipopokea akagusa spika bila kukusudia.

— Abee, baba.

— Umenidanganya, mayu. Halafu umenidanganya tena nimekaa karibu yako.

— Nisamehe, baba.

— Posa ya kesho isije.

Selina akafumba macho.

— Wazee wake waje Jumapili. Kesho aje yeye peke yake, nimuulize mwenyewe anaumwa nini na anatibiwa vipi. Wewe sitaki unisimulie.

— Nitamwambia, baba.

— Na akija usikae chumbani unajificha. Utakaa hapo hapo, usikilize.

Alex akainama kwenye simu.

— Shikamoo, mzee. Nitakuja.