Miti Iliyopoteza Namba

Kila asubuhi mfuga nyuki alitoka nyumbani jua likiwa bado changa. Alivaa suruali ya mumewe chini ya gauni, akabeba kopo lake la moshi, akashika njia ya msituni. Mumewe, fundi baiskeli, alibaki kwenye kibanda mbele ya nyumba. Watu walimwita Breki. Hawakumwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Ni kwamba akianza kusema, hana breki.

"Wasalimie nyuki," alimwambia mkewe. "Waambie shemeji yao bado ana uvimbe wa juzi."

"Endelea na domo lako, watakuongezea mwingine," mkewe alijibu.

Mizinga ilining'inia kwenye miti ya pembezoni mwa msitu. Katikati yake ulisimama mti mmoja mkubwa kuliko yote. Shina lake lilikuwa na uwazi ndani, na katika uwazi ule waliishi nyuki wa porini. Msimu wa maua ulipofika, nyuki wale walizidi, kundi jipya likatoka na kuingia kwenye mizinga mitupu. Juu kidogo, kwenye tundu jingine, ndege wa hondohondo walilea makinda yao.

Mama yake mfuga nyuki ndiye aliyemwonyesha mti ule. "Mizinga yote hii ni watoto," marehemu alimwambia. "Mzazi ni huyu. Mtunze."

Naye aliutunza. Alifyeka majani chini yake ili moto usiufikie. Watu wa kuni walijua kabisa kwamba pale hapaguswi.

Siku moja aliwakuta watu wa ofisi ya misitu wakiizunguka miti yake. Mmoja wao alikuwa jirani yake, mwanamke mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni. Kila mtu alimwita Mama Futi. Alikuwa anazungushia futi ile kwenye shina, usawa wa kifua, kisha anataja kipimo, na mwenzake anaandika. Baada ya hapo waligonga kibati kidogo chenye namba na kupaka mstari wa rangi pale walipopima.

"Jirani, hujambo?" Mama Futi alimwita kwa furaha. "Leo tumevamia kwenu!"

"Sijambo," mfuga nyuki alisema. Alisubiri aambiwe zaidi. Lakini wingu lilikuwa limetanda, wale watu walikuwa na haraka, wakahamia mti mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Bombani, maneno yalikuwa mengi kuliko maji. "Wameshaandika namba," alisema mshona nguo. "Kinachofuata ni uzio. Kinachofuata baada ya uzio ni sisi kuambiwa tuhame."

"Nani kasema?" mfuga nyuki aliuliza.

"Nani hajasema?"

Alirudi na ndoo kichwani na moyo mzito. Alimweleza mumewe.

"Si umuulize Mama Futi?" Breki alisema. "Ukuta wake na wetu ni mmoja. Akipiga chafya tunamwambia afya."

"Mtu wa ofisi atanieleza ukweli?"

"Muulize kwanza, ndipo umwite mwongo."

Hakumuuliza. Alijiambia atamuuliza kesho, na kesho ikawa na kazi zake. Mwishowe alichukua koleo kwenye kibanda cha mumewe, akapanda msituni. Alianza na mti wa mama yake. Aling'oa kibati, akaukwangua ule mstari wa rangi kwa kisu. Akaenda kwenye mti wa pili, wa tatu, mpaka akamaliza miti yote iliyopimwa upande ule. Vibati alivitumbukiza chooni. Usiku ule alilala vizuri, akiamini ameiokoa mali ya mama yake.

Miaka ikapita. Hakuna aliyeleta uzio wala aliyefukuzwa. Kilichokuja ni barabara. Matrekta yalijaza udongo, likainuka tuta refu chini ya kilima chenye msitu, pande zote mbili. Watu walishangilia. Breki alishangilia kuliko wote, maana barabara ilileta baiskeli, na baiskeli zilileta pancha.

Ndipo Mama Futi na wenzake waliporudi kupima tena. Upande wa pili wa kilima walikuta miti yao na namba zake. Upande huu hawakukuta kitu. Mama Futi alizunguka, akipapasa magome kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Jioni alipita nyumba hadi nyumba.

"Jirani, vibati vyetu vimekwenda wapi?"

Breki aliinua macho kutoka kwenye gurudumu alilokuwa akilinyoosha. Alimtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza, breki zake zilifanya kazi.

"Mimi sijui," alisema mfuga nyuki.

Mama Futi alitikisa kichwa polepole. "Basi. Ofisini wamesema wapimaji ni wachache. Mahali wanapong'oa namba, tusirudi kwa sasa."

Msimu uliofuata, mfuga nyuki aliona ardhi chini ya miti yake ina unyevunyevu hata wakati wa kiangazi. Alifurahi. Alidhani ni neema. Majani yalikuwa mabichi kama kawaida.

Baadaye maua yakawa machache. Mwaka mwingine, matawi ya juu ya mti mkubwa yakabaki matupu. Hondohondo walikuja, wakazunguka, wakaondoka. Miti mingine midogo nayo ikaanza kukauka. Kisha, baada ya mvua ya upepo, mfuga nyuki alipanda njia yake ya kila siku na kukuta mwanga mahali pasipokuwa na mwanga. Mti wa mama yake ulikuwa umelala chini. Mizizi ilikuwa juu, myeusi, imeoza, inanuka tope. Masega yalikuwa yamesambaa kwenye matope. Nyuki wachache walizunguka juu ya pale palipokuwa nyumba yao.

Alikaa juu ya shina. Breki alimkuta hapo mchana. Alikaa naye.

Waliporudi nyumbani, mfuga nyuki hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akagonga mlango.

"Mama Futi, mti wa mama umeanguka."

"Ole wangu! Ule mkubwa? Pole, mwenzangu. Karibu, kaa."

"Sikai. Nataka kujua umekufa kwa nini."

Mama Futi aliinama kidogo. "Maji," alisema. "Tuta la barabara limeyazuia. Yanajikusanya chini ya ardhi, mizizi inakosa hewa, inaoza."

"Mbona upande wa pili miti mizuri? Barabara si ile ile?"

"Barabara ni ile ile, na kule nako maji yalizuiwa." Mama Futi alivuta kiti, akaketi yeye. "Kule tulipima mara ya kwanza, tukarudi. Tukakuta miti ya bondeni haijanenepa hata kidogo, ilhali ya juu imenenepa. Tukahesabu na iliyokufa. Ilikuwa mingi kuliko kawaida, na yote iko karibu na tuta. Tukapeleka vipimo hivyo kwa watu wa barabara. Hawakubisha. Walichimba, wakaweka kalavati, yaani bomba kubwa chini ya tuta, maji yakapita."

"Na huku kwetu?"

"Niliwaomba waweke na huku. Wakaniuliza, ushahidi uko wapi? Sikuwa na cha kuonyesha. Miti ilikuwa mibichi, yeyote angeona msitu mzima." "Mti haulii, jirani. Ukianza kuumwa, kwanza unaacha kunenepa. Majani bado yapo. Macho hayaoni. Futi ndiyo inayoona. Lakini futi nayo ukiipitisha mara moja haikwambii chochote. Ni lazima urudi kwenye mti ule ule, mahali pale pale. Ndiyo kazi ya kile kibati. Bila namba, nitajuaje kama mti huu ndio niliopima, au ni ndugu yake aliye kando?"

Mfuga nyuki alishika mlango. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Vibati nilivitoa mimi."

Nje, mtoto wa mtu alipita akipiga mluzi.

"Nilisikia mtatuhamisha," aliendelea. "Nikaogopa. Nikakuficha ukweli. Nimeua mti wa mama yangu kwa mikono yangu."

Mama Futi alijibu bila hasira.

"Aliyeuua ni tuta. Wewe ulituziba macho. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Lakini na mimi nina langu. Tuliingia kwenye mizinga yako na nyundo na misumari. Tulikusalimia tu, hatukukueleza. Ningesimama nawe muda wa kunywa chai, leo mti ungekuwa umesimama. Nimelifikiria hilo, amini usiamini, tangu siku ile nilipopapasa magome."

Wanawake wale wawili wakaketi pamoja. Hakuna aliyemfuta mwenzake machozi. Kila mmoja alikuwa na yake.

Haikupita muda mrefu, Mama Futi aliitisha mkutano, lakini hakuuitisha ofisini. Aliuitisha msituni, kati ya miti iliyobaki. Mfuga nyuki alisimama mbele ya majirani, akasema alichofanya. Mshona nguo aliangalia chini.

"Hizi namba hazimhamishi mtu," Mama Futi aliwaeleza. "Zinatusaidia kujua mambo matatu. Mti unakua au umesimama? Miti mingapi imekufa, na imefia wapi? Na nani anaishi humu? Tukiona tundu la ndege au la nyuki, tunaliandika. Nyumba ya mnyama ni sehemu ya msitu."

Breki aliinua mkono. "Huu mkavu uliosimama hapa, umeshakufa. Namba ya nini? Si tuukate, tupate kuni?"

"Angalia juu, shemeji."

Breki aliangalia. Ndege mdogo alichungulia kutoka kwenye tundu, akamwangalia naye.

"Kumbe ana mpangaji," Breki alisema. Watu wakacheka.

"Ana wapangaji wengi," Mama Futi alisema. "Mti mkavu usio karibu na njia wala nyumba, tuuache usimame. Tunaupa namba kama mingine. Ukianguka, tunaandika umeanguka."

Siku ile walipima upya. Mfuga nyuki alishika ncha moja ya futi. Alifundishwa kuivuta iwe sawa, isilegee, isipite juu ya nundu. Majirani waliona msumari ulivyo mdogo, unavyogongwa mbali na mahali pa kupimia. Walikubaliana kwamba anayeona kibati kimeanguka aseme, na anayesikia uvumi aulize.

Vipimo vya siku moja havikutosha. Ilibidi wasubiri, na kusubiri kule kulikuwa kugumu. Miti mingine mitatu ilikufa mbele ya macho yao. Safari hii kila kifo kiliandikwa. Mama Futi aliporudi kupima, vipimo vilionyesha wazi: bondeni hakuna mti ulionenepa, na iliyokufa yote ilikuwa karibu na tuta. Alivipeleka vipimo hivyo pamoja na vya upande wa pili. Watu wa barabara walikuja na vifaa vyao. Kalavati likawekwa. Maji yaliyokuwa yamenyamaza chini ya ardhi yalitoka, meusi kwanza, kisha meupe, yakaenda zake.

Baada ya misimu kadhaa walipima tena. Mfuga nyuki ndiye aliyesoma futi. Alisoma, akarudia kusoma.

"Umenenepa," alisema.

"Kiasi gani?"

"Kidogo sana. Lakini umenenepa."

Mti wa pili nao ulikuwa umenenepa. Wa tatu bado, lakini ulikuwa hai. Maua yalirudi kwa uchache. Makundi mawili ya nyuki yalitoka upande wa pili wa kilima, yakaingia kwenye mizinga yake. Asali ya mwaka ule haikujaza hata ndoo, lakini ilikuwa asali.

Walipokuwa wanashuka, Breki alimpokea mkewe mfuko wa misumari.

"Mbona kimya? Si miti inakua?"

"Inakua. Nimefurahi."

"Huo ni uso wa furaha?"

Mfuga nyuki alisimama njiani. "Nimemuuliza Mama Futi, ili mmoja wa hii uwe na unene wa ule wa mama, uwe na uwazi wa kukaa nyuki, itachukua muda gani."

"Akasemaje?"

"Akasema kwa mwendo huu wa kukua, si mimi nitakayeuona. Wala watoto wetu. Labda wajukuu wao."

Breki alihamishia mfuko kwenye bega jingine.

"Ningegonga mlango siku ile," mkewe alisema. "Mlango wenyewe hata hauna kufuli."

Kisha akamshika mkono, wakaendelea kushuka, maana kesho yake alikuwa ameahidi kwenda kijiji cha jirani. Wapimaji walikuwa wanafika huko kwa mara ya kwanza, naye aliomba atangulie mbele yao, nyumba kwa nyumba, kabla msumari wa kwanza haujagongwa.