Diski Iliyotoka Baridi

Hebu fikiria chumba kidogo kisicho na dirisha. Zamani kilikuwa stoo ya karatasi, na harufu ya karatasi haijatoka. Kuna meza moja, viti viwili vya plastiki, taa ndefu darini, na juu ya meza kompyuta mpakato kuukuu ambayo bawaba yake moja imefungwa kwa utepe wa gundi. Kando yake zimepangwa diski tupu arobaini. Mbele yake ameketi mwanamke, mikono mapajani, anasubiri.

Huyo ni Mwalimu. Kila mtu katika jengo lile alimwita hivyo, hata mfagizi. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu vya shule kwa sauti na kujirekodi, kisha kuzinakili rekodi kwenye diski ili zipelekwe kwa watoto wasioona. Watoto hao hawakuwahi kukutana naye, lakini sauti yake waliijua kama ya shangazi yao. Na kila diski aliimaliza kwa maneno yale yale: "Kwaherini, wanangu. Karibuni tena."

Ile kompyuta aliibatiza Kobe. Kila diski iliichukua dakika kumi na sita.

Asubuhi ya siku tunayoizungumzia, Mwalimu alisimama mlangoni akamlalamikia fundi wa jengo. Fundi huyu alikuwa mdogo wa mumewe, na meza yake ya matengenezo ilikuwa ng'ambo ya korido.

"Shemeji, huyu Kobe wako atanizeesha. Gari la diski linaondoka kesho, na ndiyo kwanza nimemaliza ya kumi na moja."

"Kuzeeka ulianza mwenyewe, usimsingizie mnyama wa watu," fundi alijibu bila kuacha kukaza skrubu. "Hii ni mashine ya kubeba, shemeji, si ya mezani. Sehemu yake ya kuchomea diski, ile inayoandika sauti, ni nyembamba kama biskuti, ukiikimbiza inatetemeka. Memori ndogo. Diski ya ndani imechoka. Na waya wa umeme umelegea, mara unashika, mara unaachia, na kila ikiangukia kwenye betri inajibana isije ikazimika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vumilia. Vifaa hivi hupokezana kazi, na anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayeamua mwendo. Wenzake wanamsubiri tu. Lakini diski ikitoka, iguse. Ikiwa na joto, ujue imefanyiwa kazi kweli."

Mwalimu alicheka, akarudi kitini, akasukuma ndani diski ya kumi na mbili.

Alikuwa anautazama ule mstari wa kijani kwenye skrini ukijaa kidogo kidogo aliposikia mtu akisema mlangoni, kwa upole sana, "Hodi."

"Karibu," akasema bila kuinua macho, kama tunavyosema sote mara nyingi kwa siku.

Mlango haukufunguka. Kile kiti cha pili, kilichokuwa kitupu, kililia kidogo, kama kinavyolia kiti cha plastiki mtu anapokikalia taratibu. Mwalimu aligeuka. Hapakuwa na mtu. Kabla hajapata la kujiambia, trei ya Kobe ilichomoka yenyewe. Diski ilikuwa tayari, na hazijapita hata dakika mbili.

Aliishika. Ilikuwa baridi kama kigae cha sakafu alfajiri. Aliweka kiganja chini ya Kobe, mahali ambapo siku zote palichoma, napo palikuwa baridi. Alisikiliza mwanzo wa diski: sauti yake, safi, bila mkwaruzo. Basi, tumwelewe, alikuwa amechoka, na watoto walikuwa wanasubiri. Alifurahi, akaingiza nyingine.

Ya kumi na tatu, dakika mbili. Ya kumi na nne, dakika mbili. Wakati huo dereva wa gari la diski alichungulia.

"Mwalimu, nipe moja nikaijaribu kwenye redio ya gari. Mh! Mbona baridi hivi? Kumbe siku hizi mnazihifadhi kwenye friji?"

"Nenda zako," Mwalimu alicheka, akakohoa. Dereva akaenda na diski yake.

Kufika ya ishirini, chumba kilikuwa na harufu nyingine, harufu ya sanduku lililofungwa miaka mingi likafunguliwa ghafla. Kufika ya ishirini na nane, Mwalimu alijaribu kuimba kidogo kama alivyozoea, na koo likatoa mkwaruzo. Kufika ya thelathini na tano, alitaka kumwita shemeji yake, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

Aliacha kazi. Akarudisha mikono mapajani. Trei ikatoka yenyewe, tupu, ikabaki wazi inamsubiri. Hakuitia kitu. Kiti cha pili kikalia tena, na safari hii kililia karibu zaidi na cha kwake.

Aliinuka, akaenda mlangoni akiwa ameshika ukuta, akafungua, akaiona korido na mfagizi akipita na ndoo yake na shemeji yake ameinamia mashine ng'ambo ya pili, vitu vyote vya kawaida na vyote vikiwa karibu, akainua mguu wa kulia akauvusha kizingiti, na mguu huo ulipotua ulitua chumbani, mbele ya meza, uso wake ukiwa umeelekea Kobe, kana kwamba hakuwa anatoka bali anaingia.

Akajaribu tena. Akajaribu kwa kukimbia, akajaribu kinyumenyume macho yake yakiwa kwenye kile kiti kitupu, akajaribu kwa kupiga magoti na kutambaa, na kila mara sakafu iliyompokea ilikuwa ile ile ya chumbani, na kila mara hewa ya humo ilikuwa nzito zaidi, na ile harufu ya sanduku ilikuwa imemsogelea hadi ikawa kama mtu anampumulia shingoni.

Fundi aliinua kichwa kwa ule mchakacho wa viatu.

"Shemeji, huo ni mchezo gani? Unafika mlangoni, unageuka."

"Sigeuki," Mwalimu alinong'ona.

"Unasema?"

"Sigeuki, shemeji. Natoka. Nishike mkono."

Fundi alikuja akicheka, akamshika mkono, akavuta. Kicheko kikamfia mdomoni. Aliuona mguu wa shemeji yake ukivuka kizingiti, kisha akajikuta anashika hewa, na Mwalimu amesimama kule mezani, amempa mgongo.

"Usiingie," Mwalimu alimwambia, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Kuna mtu humu. Kamwite mama."

Mama huyo alikuwa mama mzazi wa fundi, mkwe wake Mwalimu. Alikuwa mganga aliyetibu watu wenye majini kwa miaka mingi, tena bila makelele. Alikuja na khanga yake mabegani na miwani puani. Hakupiga hodi. Alisimama nje ya kizingiti akanusa, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, kuna mtu ulimkaribisha bila kumwangalia?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Basi wewe ni mwenyeji wake. Mwenyeji hatoki akamwacha mgeni peke yake, ndiyo maana hutoki. Na mgeni lazima ale. Joto la mashine amelila. Alipoona una sauti nzuri, akala na hiyo." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, acha kutetemeka, unanipa kizunguzungu. Hii mashine inafanyaje kazi?"

Fundi aliweza kumweleza kwa shida: kisomeo kinatoa, memori inapokea, kichomeo kinaandika, wa haraka anamsubiri wa polepole.

"Wakati huyu anamsubiri huyu, pale katikati kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni nafasi tu."

"Hapo ndipo alipokaa. Unaweza kuiondoa hiyo nafasi?"

Fundi alifikiri. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Labda... tukiiweka kwenye kasi ya chini kabisa. Kasi ambayo hata kile kizembe kuliko vyote kinaiweza. Hapo hakuna atakayemsubiri mwenzake. Lakini diski moja itachukua saa nzima."

"Ana haraka ya kwenda wapi?" mama mkwe alisema. Kisha akamwinamia Mwalimu kutoka pale nje. "Mwanangu, sikiliza vizuri. Akikosa pa kukaa, ataaga. Atakuomba ruhusa kwa adabu, maana aliingia kwa adabu. Mjibu neno moja tu: haya. Usimwambie lile neno tunalowaambia wageni wakiondoka. Umenielewa? Hata kwa mazoea."

Mwalimu alielewa. Aliziba mdomo kwa kiganja, na kwa mkono mwingine akachagua kasi ya chini kabisa, akaingiza diski ya thelathini na sita.

Kobe alianza kuizungusha. Kwa robo saa ya kwanza hakuna kilichobadilika. Kisha kile kiti cha pili kikaanza kulia bila kukoma, kama kimekaliwa na mtu asiyepata mkao, na taa ya darini ikafifia ikarudi, na chini ya kiganja cha Mwalimu, kule chini ya Kobe, pakaja uvuguvugu mdogo sana, kama tumbo la kuku anayeatamia, ukapanda, ukapanda, huku kiti kikikwaruza sakafu kwenda huku na huku, na pumzi ile ya shingoni ikihama kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto ikitafuta pa kutua, hadi saa ilipokaribia kutimia na mashine nzima ikawa ya moto, na hapo karibu kabisa na shavu lake akasikia sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile anayowasomea watoto.

"Mwenyeji wangu, naomba kuondoka."

Ulimi wake ulijaa maneno ya mazoea. Aliyameza.

"Haya," akasema.

Baridi ilipita katikati ya fundi na mama yake, ikaelekea koridoni. Mwalimu aliinuka, akavuka kizingiti, na mguu wake ukatua kwenye saruji ya korido. Alilia kwa sauti, na sauti ilikuwa yake. Mama mkwe akamshika mkono, wakatembea polepole kuelekea mlango mkubwa, kwenye jua la alasiri.

Fundi aliingia chumbani kukusanya vitu. Zile diski za baridi zilikuwa mezani, na yeye, kama mafundi wote, hakuweza kupita bila kujua kama zimeandikwa sawasawa. Fundi hajaribu mwanzo wa diski. Hujaribu mwisho, maana ukingo wa nje ndipo mashine dhaifu huharibu. Akaingiza moja, akaisogeza hadi sekunde za mwisho.

"Kwaherini, wanangu," sauti ya Mwalimu ikasema, tamu, ikijaza chumba na korido. "Karibuni tena."

Kule kwenye mlango mkubwa mama mkwe alisimama. Mkono aliokuwa ameushika haukuwepo.

Fundi alisikia hatua, akageuka. Mwalimu alikuwa anaingia chumbani, mguu umeinuka kana kwamba bado anavuka kizingiti cha kwenda nje, jua lingali kwenye nywele zake. Alifungua mdomo, hapakutoka kitu. Na nyuma ya fundi, kiti cha pili kililia taratibu.

Ilihitajika saa nyingine ya kasi ya chini, joto lingine, "haya" nyingine. Safari hii, kabla ya mtu yeyote kugusa chochote, walizivunja diski zote za baridi, moja moja, kwa mikono. Fundi alikuwa amezihesabu kila moja ilipovunjwa: diski ishirini na tatu. Mwalimu alitikisa kichwa. Kuanzia ya kumi na mbili hadi ya thelathini na tano, zilikuwa ishirini na nne.

Dereva walimpata bandani pa magari akiosha vioo.

"Ile? Hata sikuisikiliza, Mwalimu," alisema kwa aibu. "Redio ya gari iliikataa. Kituo cha mafuta nilikutana na mama mmoja, ana mtoto haoni, nikampa. Mtoto alifurahi! Alikuwa anaijua sauti yako. Nilikosea?"

Mwalimu alimuuliza mama yule anakaa wapi, lakini dereva hakujua.

Tangu siku ile bado anasoma na bado anarekodi, lakini neno la mwisho amelibadilisha, na Kobe anakwenda kwa kasi yake. Watu wa jengo lile wamezoea. Anaweza kuwa jikoni kwake anaosha vyombo, au njiani amembeba mwanawe, mara mguu wake unaotua hautui pale alipoukusudia. Mume wake anajua la kufanya: anamchukua mtoto, anampigia mdogo wake simu, anasema, "Amerudi tena chumbani." Na fundi anakwenda kukaa koridoni kwa saa nzima, akitoa mizaha ambayo haichekeshi, ili asiwe peke yake. Hutokea zaidi wakati ambao watoto huwa wametoka shule. Mahali fulani kuna mtoto anayempenda, anayemsikiliza hadi mwisho.

Kwa hiyo ninakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukiona diski isiyo na maandishi, ndani yake mwanamke anawasomea watoto kwa upole, iguse kwanza. Ikiwa baridi, msikilize, si vibaya, anasoma vizuri. Ila tafadhali, izime kabla hajaaga.